Kiti Kilichoshushwa Darini

Hospitali ya Tulley haimtoi mtoto mchanga bila kiti cha gari. Uje na babu, uje na mchungaji, uje na machozi, muuguzi atakuuliza kiti kiko wapi, na kama huna, mtoto anarudi wodini. Verlene Stallworth aliijua sheria hiyo kuliko wauguzi wenyewe. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiendesha nyumba ya kuwasaidia wanawake waliopata mimba bila kutarajia, katika nyumba ya zamani ya mchungaji nyuma ya kanisa la Mlima Pisga, na hakuna hata msichana wake mmoja aliyewahi kukwama mlangoni.

Ndiyo maana Jumamosi ile saa nne asubuhi alishuka kwenye maegesho ya hospitali akiwa na kiti mkononi na kichwa juu, kama mtu aliyekuja kufunga hesabu iliyokwisha kukubaliwa. Kiti kilikuwa chake mwenyewe. Wajukuu zake watatu walikuwa wamekikalia kwa zamu. Jana yake alikishusha darini, akakifuta vumbi, akakifua kitambaa, akakianika ukumbini.

Aliyekuwa akingojewa ni Janessa Gaines, miaka kumi na tisa, aliyejifungua binti siku ya Alhamisi. Baba wa mtoto alikuwa amehamia Memphis mwezi wa nne wa mimba, na namba yake ya simu ikahama naye. Mama yake Janessa alishafariki. Katika ukoo alibaki kaka yake, Marcel, wa miaka ishirini na sita, aliyefanya kazi kiwanda cha ndoo za plastiki.

Siku ya kwanza Janessa alipoingia kwa Verlene, mfukoni alikuwa na ratiba ya mabasi ya kwenda Illinois, ambako sheria inaruhusu kutoa mimba. Aliiweka mezani ili ionekane. Verlene hakumhubiria. Alikuwa na shahada ya ustawi wa jamii, alikuwa amezaa watoto watatu, na subira yake kwa hotuba ilikuwa fupi, hata hotuba zake mwenyewe.

"Mimi naamini huyo tumboni ni mtu tayari," alimwambia. "Lakini imani yangu haibadilishi nepi. Nitajie unachoogopa, kimoja kimoja, niandike."

Janessa alitaja. Mahali pa kulala. Daktari. Kazi yake ya dukani. Kumalizia masomo. Verlene akaandika mpaka ukurasa ukajaa, na mwisho kabisa msichana akasema kwa sauti ndogo, "Na Marcel. Akikasirika akaondoka na yeye, nitabaki na nani?"

Miezi ikapita, mambo ya kwenye karatasi yakafutwa mstari kwa mstari. Ratiba ya mabasi ilitupwa siku ambayo hakuna aliyeikumbuka tena. Ulibaki mstari wa mwisho. Verlene, ambaye hakuwa mtu wa kuahidi ovyo, alimwahidi Janessa jambo moja: siku ya kutoka hospitalini utaondoka kwenye gari la ndugu yako, si kwenye gari langu. Aliamini kwamba msichana anayepelekwa nyumbani na chama cha kanisa amesaidiwa, lakini anayepelekwa na kaka yake ana kwao.

Na sasa Buick ya Marcel, ya rangi ya kahawia na yenye bampa lililofungwa waya, ilikuwa imeegeshwa karibu na mlango. Marcel alikuwa ameiegemea, shati limepigwa pasi. Verlene alikuwa hajamfikia vizuri gari la polisi lilipoingia likasimama nafasi ya pili kutoka pale.

Marcel akajinyoosha. "Huyu anafanya nini hapa?"

"Amekuja kukagua kiti. Kaunti nzima ni yeye tu mwenye cheti."

"Ulijua ni yeye?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Basi umejijibu."

Aliyeshuka alikuwa Sajini Rudd, mzungu mpana wa mabega, ndevu nyekundu zilizoanza mvi. Miaka miwili nyuma alimsimamisha Marcel barabara kuu kwa sababu ya taa ya nyuma iliyokufa, akasema gari lake linafanana na moja lililoibwa, akamkalisha ukingoni mwa barabara kwenye mvua dakika arobaini, watu wakipita na kupunguza mwendo ili watazame. Kisha akamwambia nenda. Hakumwandikia chochote wala hakumwambia pole.

Marcel alimfahamu Verlene kanisani, na alipompitia siku hiyohiyo kumsimulia kisa hicho, Verlene aliuliza swali moja: "Na taa kwa nini hukutengeneza?" Ndivyo alivyokuwa. Mumewe, Wendell, alikuwa mtu mweusi aliyevaa sare ya polisi ya Tulley miaka ishirini na saba. Wazungu walimwita majina na weusi walimwita majina, na wote, mlango ulipovunjwa usiku, walimpigia yeye. Verlene alikuwa amefua damu ya watu wengine kwenye mashati yale. Mtu akimwambia mji unaweza kuishi bila polisi, alimwangalia kama anavyomwangalia mtoto anayetaka kulala bila chakula.

"Habari za asubuhi, Mama Stallworth," Rudd alisema. "Goti la mzee Wendell linaendeleaje?"

"Linalalamika kuliko mwenyewe. Fanya kazi, mwanangu, mtoto anangoja."

Rudd alimwitikia Marcel kwa kichwa. Marcel akatazama bampa lake. Rudd akakichukua kiti, akakipindua chini juu kwenye boneti, akapitisha kidole kwenye plastiki, akasimama.

"Mama," alisema. "Hiki hakifai."

Marcel alicheka kicheko kisicho na furaha. "Si mnaona? Akikuta taa, taa mbovu. Akikuta kiti, kiti kibovu. Huyu hata umpe maji atasema yamelowa."

"Rudd," Verlene alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda, "wajukuu wangu watatu wamekaa humo. Na kabla ya wewe kuota ndevu hizo mimi nilikuwa nakagua viti."

"Najua, mama. Mjukuu wa mwisho ana miaka mingapi?"

Verlene akahesabu kichwani. Kumi na mbili. Alikuwa na miaka kumi na mbili.

Rudd akamwonyesha. Chini ya kiti kulikuwa na tarehe iliyopigwa chapa kwenye plastiki, na kando yake mwaka wa mwisho wa kukitumia. Mwaka huo ulikuwa umepita kitambo. "Kimekaa darini," alisema taratibu. "Joto la kiangazi, baridi, joto tena. Plastiki inakauka. Kwa macho kizima, ukigongwa kinapasuka."

"Lete hapa," Marcel alisema.

Alikichukua kwa kukipokonya kidogo. Kazi yake ilikuwa plastiki. Kwa muda wa saa nane kila siku alitoa ndoo kwenye mashine na kuzitenga nzuri na mbaya kwa vidole. Alitafuta tundu ambamo mkanda hupita, akaweka dole gumba kwenye ukingo, akabonyeza. Mstari mweupe ukatokea. Akabonyeza tena na ukingo ukakatika kama biskuti.

Alikishika kile kipande mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Anasema kweli," alisema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Verlene aliegemea gari. Miaka kumi na moja alikuwa amewarudisha watu na zawadi zao. Alikuwa amemwambia mjane mmoja usoni kwamba kiti cha marehemu mwanawe hakifai, akipeleke jalalani. Kila kiti kilichoingia kwenye nyumba yake alikipindua akasoma tarehe, isipokuwa hiki, kwa sababu kilikuwa chake, na chake hakingeweza kuwa na kasoro.

Marcel alitazama simu yake. "Nina zamu saa nane mchana. Mpeleke wewe na gari lako, mama. Utapata kiti mahali. Mimi nitapita kumwona Jumapili."

Alisema kwa upole, na ule upole ndio uliomtisha Verlene. Alikuwa amewasikia wanaume wengi wakisema Jumapili. Hawakuwa wakidanganya. Walikuwa wakianza kuondoka. Alitazama juu. Kwenye dirisha la ghorofa ya tatu Janessa alikuwa amesimama, na mzigo mdogo wa blanketi kifuani, akimwangalia kaka yake akifungua mlango wa gari.

Viti vipya vilikuwepo. Vinne, kwenye maboksi yake, kilomita tatu kutoka pale. Verlene alijua hata kabati. Shida ilikuwa mwenye ufunguo.

Zamani nyumba ile ilikuwa ya makanisa mawili. Mlima Pisga, la watu weusi, lilitoa nyumba, na Kanisa la Kwanza, la wazungu, mtaa mmoja mbele, lilitoa vitu. Aliyesimamia upande wa pili alikuwa Nadine Farris, na kwa miaka tisa yeye na Verlene walipanga nepi pamoja kila Jumanne na kubishana kuhusu namna ya kupika mkate wa mahindi. Kisha kikaja kiangazi kile cha maandamano ya miji mikubwa dhidi ya polisi. Kanisa la Kwanza likataka kibao cha kuwashukuru polisi kiwekwe uani. Mashemasi wa Mlima Pisga wakasema wasichana wao wataona kibao na kupita moja kwa moja. Verlene alipiga kura kibao kiwekwe, akagombana na mashemasi wake mwenyewe kwa ajili hiyo. Wendell alipoulizwa, alisema kibao hakimpunguzii mtu zamu, akarudi kwenye televisheni.

Kibao kilikosa kura. Jioni ile Nadine akampigia simu kumfariji, akasema, "Angalau wewe si kama watu wenu."

Verlene alikata simu. Wiki iliyofuata vitu vikagawanywa. Nepi zikabaki Pisga, viti vikaenda Kanisa la Kwanza, na kila upande ukawa unasaidia nusu ya mtoto. Miezi kumi na minne sasa. Verlene alipanda ngazi za darini ili asigonge mlango wa Nadine Farris. Mbele ya kile kiti kilichomeguka hakuweza kujiambia kwamba alipanda kwa sababu nyingine.

"Marcel," alisema. "Dakika kumi na tano. Ukitaka kuondoka kabla yake, panda ghorofani umwambie dada yako mwenyewe. Mimi si tarishi wako."

Marcel alitazama dirishani. Akaufunga mlango wa gari, taratibu, yeye akiwa nje.

Verlene akapiga simu. Ililia mara mbili.

"Nadine. Ni Verlene. Nahitaji kiti cha mtoto mchanga, niko hospitali."

"Cha kutazama nyuma?"

"Cha kutazama nyuma."

"Nakuja," Nadine alisema, na sasa yeye ndiye aliyekata simu.

Manyunyu yakaanza. Hakuna aliyekwenda kujikinga. Rudd alikuwa amevua kofia, akiizungusha mkononi.

"Taa umetengeneza," alimwambia Marcel.

"Zote mbili. Unataka kuziona zikiwaka?"

"Hapana." Rudd akazungusha kofia tena. "Ile gari iliyoibwa ilipatikana ukiwa umekaa pale dakika kumi. Waliniambia kwenye redio. Nikakuacha ukae, kwa sababu ulinijibu kwa ujeuri. Hiyo haikuwa sheria. Ilikuwa mimi."

Verlene aligeuka akamtazama. Wendell ndiye aliyemfundisha mtu huyu kazi. Alitafuta la kumtetea, kama alivyozoea, hakulipata, na akagundua kwamba hakulihitaji. Rudd alikuwa amesimama bila utetezi na bado alikuwa wima.

"Nusu saa, basi, ilikuwa yako binafsi," Marcel alisema.

"Nusu saa. Ndiyo. Samahani."

Marcel akafuta manyunyu usoni.

"Na mimi nilikuuliza habari za taa," Verlene alisema. "Taa ilikuwa mbovu kweli, sifuti neno hilo. Lakini ulikuja kwangu umelowa na mimi nikakuuliza taa."

"Uliniuliza hata kabla hujanipa taulo," Marcel alisema.

"Nilikupa taulo?"

"Baadaye."

Gari la Nadine liliingia likiwa limewasha taa za dharura, kama kawaida yake, kwa sababu aliamini taa za dharura zinaruhusu chochote. Alishuka na vibiringisho vya nywele kichwani na ndala za nyumbani miguuni, mwanamke wa miaka sitini na kitu asiyetoka hata kwenda kwenye sanduku la barua bila rangi ya midomo. Boksi lilikuwa kubwa kuliko yeye.

"Tarehe nimeangalia," alisema. "Miaka sita mbele."

"Sawa."

"Mlikuwa bila viti miezi yote hii?"

"Tulikuwa tukinunua. Vikaisha."

"Kwa nini hukuja kuuliza, Verlene?"

"Unajua kwa nini."

Nadine alitazama ndala zake, zilizokuwa zimeanza kulowa. "Najua," alisema. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni, akatoa ufunguo wa kabati, akaupachika kwenye kiganja cha Verlene, akakifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili, akakishikilia pale. Verlene hakukitoa. Yangesemwa mengine Jumanne, mbele ya nepi, na hayangekuwa mepesi. Lakini Jumanne ilikuwepo tena.

Rudd alifungua boksi, akampa Marcel kiti, akarudi nyuma hatua mbili, akaweka mikono mgongoni.

"Hufungi?" Marcel aliuliza.

"Kanuni ya cheti. Mimi siruhusiwi kukufungia. Anafunga atakayeendesha, mimi natazama na kusema."

Marcel akaingia kiti cha nyuma cha Buick akiwa amepiga magoti, akagonga kichwa, akatamka neno ambalo Nadine alijifanya hakulisikia.

"Pitisha mkanda tundu la bluu," Rudd alisema. "Sasa weka goti ndani ya kiti. Uzito wote. Vuta."

"Nimevuta."

"Kitikise. Kisisogee zaidi ya upana wa kidole."

Kilisogea. Marcel akafungua, akaanza upya. Mara ya pili kikasogea. Mara ya tatu mkanda ukajikunja. Nje, manyunyu yakawa mvua. Rudd alikuwa ameisahau kofia juu ya boneti, maji yalimtiririka kwenye ndevu, na mikono yake bado ilikuwa mgongoni.

"Tena?" Marcel aliuliza kutoka ndani.

"Tena."

"Mimi sina haraka, sajini. Huku ndani mvua hainifikii."

"Nimeliona hilo," Rudd alisema.

Nadine akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Verlene hakujiziba. Na mle ndani ya gari, kutoka chini ya mabega yaliyojikunja, Marcel pia alicheka, safari hii kicheko chenyewe.

Mara ya nne kiti hakikusogea. Rudd ndipo alipoinama, akakishika, akakitikisa kwa nguvu. Gari zima likayumba pamoja na kiti. "Umekifunga vizuri kuliko mimi ninavyofunga changu," alisema. Marcel alitoka akijifuta jasho, akasita, akachukua kofia ya sajini juu ya boneti, akaikung'uta maji na kumpa. Hawakushikana mikono. Verlene hakuwataka washikane.

Muuguzi alimshusha Janessa kwenye kiti cha magurudumu, mtoto kifuani. Marcel aliinama akampokea binti yule kwa mikono iliyozoea kutenga nzuri na mbaya, akamweka, akafunga klipu ya mikanda usawa wa kwapa kama alivyoelekezwa, akapitisha kidole chini ya mkanda. Muuguzi akakagua, akatikisa kichwa kukubali.

"Anaitwa nani?" Nadine aliuliza.

"Corinne," Janessa alisema. "Jina la mama yetu."

Marcel alikuwa hajui. Alisimama na mkono juu ya paa la Buick, kisha akasema kwa ukali, "Ingieni, mtalowa," ingawa wa kuingia alikuwa amebaki Janessa peke yake. Dada yake akamwambia, "Una zamu saa nane." Akamjibu, "Nimeshawatumia ujumbe kiwandani kwamba sitakuja. Nani atakupikia?" Janessa akasema Marcel mwenyewe hajui kupika hata mayai. Wakaondoka wakibishana juu ya mayai, polepole, taa zote mbili za nyuma zikiwaka, na Rudd akatangulia na gari la doria kuwafungulia njia ya kuingia barabarani.

Verlene alibaki na Nadine na kile kiti cha zamani. Kiti kilichokwisha muda wake hakitupwi kizima, mtu asije akakiokota kwa mtoto wake. Mikanda hukatwa kwanza. Nadine alikuwa na mkasi garini. Nadine alikuwa na kila kitu garini.

Wakakiweka kwenye buti lililo wazi, mvua ikigonga mfuniko juu ya vichwa vyao. Verlene alishika mkanda na Nadine akakata. Ulikuwa mgumu, ukihitaji kukatwa mara mbili, mara tatu. Verlene aliwafikiria wajukuu wake wote watatu humo, kilomita zote zile, na hakuna aliyeumia. Alimfikiria Corinne, ambaye angekaa humo leo kama mtu mmoja mwenye sare asingekipindua. Hakuwa mtu wa kuomba kwa sauti mahali pa wazi.

"Asante, Mungu," alisema kwa sauti.

"Amina," Nadine alisema. "Shika huu wa pili."